Nesi Rabiap Saenphum, Aliyengoja Kuulizwa

Watawa wetu wenye heshima, mwenyekiti wa kijiji, ndugu, majirani, na ninyi nyote mlioacha mpunga umesimama shambani wiki hii ya mavuno mkaja kumsindikiza dada yetu, mimi ni Lamduan, mdogo wake wa kumfuata, ambaye wengi wenu mnanijua kwa supu ya tambi pale sokoni wilayani, na familia imenituma nisome maisha yake kabla hatujapanda ngazi za tanuri la kuchomea maiti kuweka maua ya msandali. Mjomba ameniomba niwe mfupi kwa sababu jua ni kali, nami nimemwitikia kwa heshima, ila marehemu mwenyewe aliniachia mambo yasiyofupika, kwa hiyo naomba mnivumilie, na wenye miavuli wasogeane na wasio nayo.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 12 Machi 1958, hapa hapa Ban Kut Wai, kando ya Mto Chi, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa mzee Thongin na mama Phim, wakulima wa mpunga na wafugaji wa viwavi vya hariri, na mama alitusimulia kwamba mtoto huyu alianza kuuliza kabla hajaweza kutembea vizuri. Siku moja akiwa amebebwa mgongoni wakati wa kuwapa watawa chakula cha asubuhi, alimtazama mtawa mkuu wa enzi hizo, aliyenyolewa nyusi kama watawa wetu wote, akasema kwa sauti ya barabara nzima kusikia, "Babu, nyusi zako zimekwenda wapi?" Mama alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini yule mtawa alicheka hadi bakuli likatikisika, akajibu, "Nimempa mtu, mjukuu wangu, atazirudisha," na kesho yake Rabiap alikuwa barabarani tena, anataka kujua ni mtu gani huyo na anazifanyia nini.

Alianza shule ya msingi ya kijiji mwaka 1965, akamaliza 1972, akaendelea na sekondari wilayani akikaa kwa shangazi hadi 1976, kisha akachaguliwa kwenda chuo cha wauguzi na wakunga, akahitimu Machi 1978. Alikuwa akisema kwamba chuoni alifundishwa mambo matatu, kupiga sindano, kuzalisha na kunyamaza, kwa kuwa nesi wa siku zile akipewa agizo na daktari jibu lilikuwa moja tu, "Ndiyo, mkuu," na hilo la tatu alilifaulu vizuri, akalibeba miaka ishirini.

Tarehe 1 Juni 1978 aliajiriwa katika zahanati ya kata yetu, mwanzo akizunguka vijiji kwa baiskeli, baadaye kwa pikipiki, akichanja watoto, akipima wajawazito, akikagua mitungi ya maji, na kama mnavyojua sisi hapa yeyote mwenye sare nyeupe tunamwita daktari, basi naye aliitwa daktari tangu siku ya kwanza, alikuwa na umri wa miaka ishirini na hata nguo zake bado alikuwa anafuliwa na mama.

Tarehe 3 Mei 1981 alifunga ndoa na marehemu shemeji yetu Khamsing, mkulima, mpiga khaen ambaye akizipuliza zile filimbi zake za mianzi hata ng'ombe walikuwa wanaacha kula, na walijaliwa watoto wawili, Wirot aliyezaliwa 1982 na Duangjai aliyezaliwa 1985, ambao wako hapa mbele yenu. Nitasema wazi kwamba ndoa ile ilikuwa ya mapenzi, ya kuudhi kabisa, mtu na mumewe wanalishana matonge ya wali wa kunata mbele za watu, nasi wengine tunatazama pembeni.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo Mjomba angependa niliruke. Mwaka 1997 ulitangazwa mpango wa kupima minyoo ya ini kata nzima, ile minyoo inayotokana na koi, samaki mbichi aliyekatwakatwa akachanganywa na limau, pilipili na mchele wa kukaanga uliosagwa, ambayo ikikaa ndani ya mtu miaka mingi huweza kumletea saratani, na kila mtu mzima alipewa kikopo chenye jina lake, aweke choo kidogo, akirudishe kwa mhudumu wa afya wa kijiji. Majibu yalipotoka, Ban Kut Wai yetu, kijiji ambacho wanaume wanakula koi kama watoto wanavyokula embe, haikuwa na yai hata moja la minyoo, tukapewa bango la kijiji safi, likapigwa picha, likatundikwa zahanati juu ya kiti cha dada, na wote tukala sherehe, na nadhani hamjasahau sherehe ile tulikula nini.

Mwezi Februari 1998 dada alipelekwa kwenye mafunzo ya siku chache, ambako mwalimu mmoja mama kutoka chuo kikuu alikuwa anataka kuwafundisha manesi wa vijijini kufanya utafiti wao wenyewe, kutokana na kazi wanayoifanya kila siku. Aliwauliza mmoja mmoja, "Kitu gani kazini kwako hukielewi?" Manesi wote wakainamisha vichwa, kwani walifundishwa kwamba kutoelewa ni aibu, hadi ilipofika zamu ya dada, akasema bila kupanga, "Mimi sielewi kwa nini kijiji changu ni kisafi." Watu walicheka wakidhani anajisifu, lakini mwalimu hakucheka, akamwambia, "Basi huo ndio utafiti wako, rudi ukaulize."

Alirudi akaanza na kijana wa maabara, ambaye alikumbuka kitu kimoja akakieleza kama kichekesho, "Watu wenu wanapenda ufuta, daktari, kila kikopo kilikuwa na mbegu za ufuta." Dada alikuja kwangu jioni ile akiwa na macho ya mtu aliyeona mchezo mzuri, akaniuliza ni nani hapa kijijini anakula ufuta kila siku, nami nikamwambia bila kufikiri kwamba ni bibi Chanla peke yake, yule mzee wetu aliyekuwa akivaa nyeupe na kushika amri za hekalu mwaka mzima, hagusi samaki, hagusi nyama. Dada alikaa chini kwenye ngazi yangu, akacheka, kisha akaacha kucheka.

Alimwendea kiongozi wa wahudumu wa kijiji, mama Nuphin, ambaye yuko hapa leo na ameniruhusu nimtaje, akamkuta anachambua mchicha, akamuuliza taratibu. Nuphin alijitetea kwanza, halafu akasema yote, "Dada Rabiap, ungefanyaje wewe? Mzee wa miaka sabini anikabidhi mimi, mtoto wa jirani yake, uchafu wake mkononi nikakupelekee wewe daktari? Waliona haya, wakanirudishia vikopo vitupu, na siku zimekwisha, na wewe ulikuwa umechoka mno. Bibi Chanla akaniambia, lete mwanangu, mimi tumbo langu halijawahi kuchelewa, tutende wema. Tukachota kidogo kidogo kwa kijiti." Hata bibi Chanla mwenyewe alipoulizwa alijibu kwa furaha ya mtu aliyefanya sadaka, "Kiliwatosha wote, daktari, na vikopo vingine ningeweza kuvijaza!"

Mnaona, hapakuwa na mwizi wala mwongo kijijini, palikuwa na watu wenye haya na watu wenye huruma, na wote walikuwa wanamstahi daktari wao, na heshima hiyo ndiyo ingewaua. Dada alilishusha bango kwa mkono wake, akalifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira, akalirudisha. Mkubwa mmoja alimwambia, "Nesi, mambo yamekwisha, kwa nini unajitafutia aibu?" Naye, ambaye kwa miaka ishirini alikuwa akisema ndiyo mkuu, alimjibu, "Mkuu, kikopo chenye jina la mume wangu kilikuwa na choo cha bibi Chanla, sasa mimi nitajuaje hali ya mume wangu?" Hilo lilimkosesha cheo alichokuwa amekaribia kukipata, na Nuphin hakumsalimia mwaka mzima na zaidi, wakipishana sokoni kila mmoja anakagua nyanya.

Walipima upya, safari hii vikopo vina namba badala ya majina, kila mtu akitumbukiza chake mwenyewe kwenye kapu lenye kifuniko njiani kuelekea mashambani, bila kumpa mtu mkononi, na zaidi ya nusu ya wanaume wa Ban Kut Wai walikutwa na minyoo, shemeji Khamsing akiwa mmoja wao. Walipewa dawa wakapona, wakarudi kula, wakapewa tena, na mchezo ukawa huo.

Kuanzia mwaka 1999 dada aliwakusanya manesi wa zahanati zote za wilaya, Ijumaa moja kila mwezi, wanakaa kwenye mikeka wanakula papai bichi lililopondwa na pilipili, kila mmoja anakuja na kitu kimoja asichokielewa kazini kwake, na sharti lilikuwa moja, asiyekuwa na swali ndiye anaosha vyombo. Hapo ndipo zilipotoka tafiti za kwa nini wazazi wapya wanaficha vidonge vya kuongeza damu, kwa nini wazee wa kisukari sukari inapanda msimu wa kukaa hekaluni, na nyingine nyingi zilizosomwa hata mbele ya maprofesa, zote zimefanywa na manesi wa pikipiki. Alikuwa mkali, mtanisamehe, alikuwa mkali kweli, na jibu zuri likija haraka alikuwa analikunjia uso kuliko jibu baya.

Mwaka 2009 alikuja nesi Orathai, ambaye leo amebeba picha ya marehemu, akiwa msichana mwenye haya hata kuomba chumvi, na siku ya kwanza alipotumwa kuuliza watu alimkuta mzee mmoja akamwambia kwa adabu zote, "Babu hali samaki mbichi, sivyo babu?" na mzee akajibu, "Sili, mwanangu, sili kabisa." Dada alikuwa amesimama chini ya nyumba, kati ya nguzo zake, anasikiliza, akaita, "Orathai! Umemuuliza au umemjibia?" Mzee alicheka kuliko wote, kisha akasema, "Basi aulize tena, daktari, safari hii nitasema kweli."

Tarehe 19 Agosti 2011 shemeji Khamsing alifariki kwa saratani ya ini, ile ya njia za nyongo, na katika historia iliyosomwa hapa hapa siku ile tuliandika maradhi ya muda mrefu, basi. Dada alikuwa amewauliza watu wa wilaya nzima, lakini hakuwahi kumuuliza mume wake kwa nini anaendelea kula, wala hakuna nesi hata mmoja kati ya wale aliowafundisha aliyethubutu kumuuliza yeye, kwa maana waliogopa kumuumiza mkubwa wao.

Baada ya siku mia moja za maombolezo alivua sare, akavaa shati la shambani la marehemu mumewe, akamchukua Orathai, wakaenda kukaa na wanaume kwenye kibanda cha shambani mchana, bila karatasi, wanasubiri tu. Wa kwanza kusema alikuwa mzee Bunma, rafiki wa Khamsing, "Daktari, sisi tunajua. Redio imesema, bango limesema, wewe umesema mpaka sauti imekauka. Lakini mtu amekuvulia samaki, amekukatia kwa kisu chake, mmekaa, pombe ipo, utamwambia nini? Ngoja nikawashe moto? Nenda basi kale na mke wako!" Wakacheka wote, dada naye akacheka, halafu akawauliza ikiwa mwenye kisu ndiye atakayewasha moto je, na kuanzia hapo utafiti ukawa wa wanaume wenyewe, nani anakata, nani anabeba kikaango, nani anamtania nani. Koi iliyopikwa mnayoikuta leo kwenye hema la chakula ilianzia kibandani pale, ingawa dada alinionya nisiseme kwamba kijiji kizima kimeacha, kwa sababu hajui mnakula nini akiwa hayupo.

Alistaafu tarehe 30 Septemba 2018, ila Ijumaa zake hakuziacha. Aprili mwaka huu, siku ya kumwagiana maji ya mwaka mpya, mjukuu wake alimmwagia maji mabegani akasema, "Bibi, macho yako yamekuwa ya njano," na baada ya vipimo hospitali ya mkoa walimwambia ni saratani ya njia za nyongo, ile ile iliyomchukua mumewe, na haiwezi kuondolewa kwa upasuaji. Alichagua kurudi nyumbani, na manesi wake wakawa wanakuja kwa zamu kumsafishia mrija wa nyongo na kumpa dawa ya maumivu.

Hakuogopa kufa, au kama aliogopa hakuniambia. Alichoniambia, tena kwa uchungu, ni hiki, "Lamduan, hawa watoto nimewafundisha kuuliza kila mtu isipokuwa mimi. Nesi mzima naumwa ugonjwa wa koi, wananibadilishia shuka, wananiambia mama pumzika, hakuna anayeuliza. Nikiondoka, akija mkubwa akawaambia kijiji ni kisafi, watasema ndiyo mkuu. Miaka yote hii nimefanya kazi gani?" Nikamwambia si useme tu mwenyewe, akanikunjia uso, "Nikisema mwenyewe nitajuaje kama wanaweza?" Basi akawa anangoja, Mei ikapita, Juni ikapita, anaingia huyu, anatoka yule, wote wapole, na kila mara mlango ukifungwa ananiangalia, anatikisa kichwa.

Asubuhi moja ya mwezi Septemba, mvua inanyesha, mimi nimeshika uji, Orathai alimaliza kumfunga bandeji, akakusanya vitu vyake, akafika mlangoni, akarudi. Alikaa chini sakafuni, chini ya kichwa cha mkubwa wake kama adabu inavyotaka, akasema, "Mama, wewe ulikula?"

Dada alifumba macho, nikadhani ameumia, nikataka kumfukuza yule binti, lakini Orathai hakuomba radhi na hakumjibia, alingoja kama alivyofundishwa, mpaka dada akasema, "Nilikula."

"Lini, mama?"

"Mwaka nilioolewa. Kibandani, mbele ya rafiki zake."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua. Asubuhi ile ile nilitoka kuwafundisha wanawake wa ng'ambo ya bwawa wasile."

"Sasa kwa nini, mama?"

Na dada yangu, ambaye sikuwahi kumwona akilia hata kwenye msiba wa mumewe, alilia, akasema, "Alifinyanga tonge kwa mkono wake, akachovya, akaninyooshea, wenzake wanatazama. Nilikuwa bibi harusi. Ningemwambia nini? Nikala. Halafu ilikuwa tamu, Orathai. Nikala tena, miaka yote, na kila mwaka nikimeza dawa nikijiona nimelipa." Kisha akafuta uso kwa ncha ya shuka, akanigeukia mimi na uji wangu, anacheka huku machozi yanatoka, akasema, "Umesikia? Umesikia alivyouliza? Hakunijibia!"

Aliagiza mambo haya yasomwe leo, yote, na jina la ugonjwa litajwe, nami nimeyasoma. Alifariki nyumbani kwake, Alhamisi, tarehe 7 Novemba 2024, saa mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, ameacha watoto wawili na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya mkoa waliomwambia ukweli bila kumzungusha, majirani waliopika na kukesha tangu siku ya kwanza, mama Nuphin aliyemwosha kwa mikono yake, watawa waliomsomea, na manesi wote wa Ijumaa, ambao najua mna maswali hata leo, msiyameze. Kama tumemsahau mtu atusamehe.

Dada Rabiap, umeulizwa, na umejibu. Sasa pumzika, mama wa maswali, pumzika kwa amani.